Mama Anajifunza Kulea

Mususa, Butembo, 15 Oktoba 2023

Mwanangu Kavuo,

Nakusalimia kwa jina la Bwana wetu. Hujambo? Watoto wote kumi na wanne hawajambo? Lile jino lako limetulia, au bado unatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee? Mimi ni mzima, ila magoti. Mjomba wako Esdras na mke wake wamenipa chumba cha mbele, na kila asubuhi seremala wa ng'ambo ya barabara ananiamsha kwa nyundo kabla jogoo hajawika.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Ni amri. Mademoiselle Eliane, mwalimu wangu wa kazi hapa gardienne, shule ya watoto wadogo, aliuona mwandiko wangu akatikisa kichwa. Kisha akasema kila Jumapili nimwandikie barua nzima mtu ninayempenda, maana bila kuandika vizuri sitaweza kujaza daftari za watoto, na bila daftari hakuna brevet, hicho cheti chao. Basi mtu ninayempenda ni wewe, vumilia. Dereva Syauswa atakuletea barua hii pamoja na kilo mbili za maharage.

Kazi yenyewe iko hivi. Siku tatu za juma tunakaa na watoto chini ya macho ya Eliane, siku mbili tunasoma. Tuko stagiaires saba, wanafunzi wa kazi, na mimi ni bibi yao wote. Eliane mwenyewe ana miaka ishirini na saba. Siku ya kwanza akaniambia: "Mama Kaswera, leo hapana kubeba mutoto. Utaangalia tu." Kuangalia tu! Mimi niliyewazaa watano na kuwalea watoto wa wenye soko wa Beni miaka kumi na tisa, tangu baba yako afariki!

Nikaangalia. Jioni nikaandika habari ya mtoto mmoja: "Kitsa ni mkaidi." Akafuta kwa kalamu nyekundu. "Hiyo ni mawazo yako, Mama. Uliona nini?" Nikamwambia niliona ukaidi. Wasichana wote wakacheka, hata yeye.

Jambo jingine: mlangoni kuna daftari. Kila mtoto ana majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua, na mwingine hapewi hata awe nani. Sijaelewa bado faida yake.

Haya yote navumilia kwa sababu unaijua sababu. Mkuu wa kata alisema kufika Septemba ijayo, kila mahali panapolelewa watoto zaidi ya kumi pawe na mtu mwenye brevet, la sivyo panafungwa. Sitaki miaka kumi na tisa iishie kwenye kufuli ya mtu wa ofisi. Shika kiwanja chetu cha watoto vizuri mpaka nirudi.

Ni mimi mama yako,
Kaswera


Beni, 22 Oktoba 2023

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Nimefurahi kusikia unaendelea vizuri, na pole kwa magoti. Paka ile mafuta ya kijani, usiyafungie tu kwenye sanduku. Jino nimeling'oa. Watoto wote wazima, mmoja tu ana mafua. Hapa mtaani ni tulivu tangu wiki mbili, tunamshukuru Mungu.

Mama, barua yako nimeisoma kwa sauti na majirani wamecheka hadi machozi. Lakini lile wazo la daftari la mlangoni nimelipenda. Nimefungua letu, lenye kamba ya kufungia kalamu. Wa kwanza kuandikisha alikuwa Agar, muuza ndizi, mama yake Kasonia. Unajua tangu waachane na mumewe Lusenge hapendi maneno mengi. Akasema: "Andika miye na dada yangu. Mwingine hapana." Akasimama kuhakikisha naandika.

Juzi lilifanya kazi. Mzee Kahongya alikuja kumchukua mjukuu wake, jina lake halimo. Nikamwambia kwa heshima zote arudi na mkwe wake. Alinung'unika, lakini alirudi naye. Nadhani Mademoiselle Eliane angefurahi.

Binti yako,
Kavuo


Mususa, 12 Novemba 2023

Mwanangu Kavuo,

Hujambo, mwanangu? Nyumbani hawajambo? Mimi salama, mvua inanyesha kila mchana na nguo za watoto hazikauki.

Nimepata barua yako, na nimepata pia salamu za Mzee Kahongya kupitia Syauswa. Salamu gani! Syauswa alizileta mbele ya watu kumi. Kavuo, umemrudisha Mzee Kahongya mlangoni? Mtu aliyetuchimbia choo? Mtu aliyembeba baba yako kumpeleka hospitali kwa chukudu yake ya magurudumu ya mbao? Umemwambia jina lako halimo, kama askari wa kizuizi cha barabarani?

Sikiliza. Daftari ni la Butembo. Hapa watu wametoka kila upande, hawajuani, wacha waandikane. Kwetu nani asiyejua nani? Mtoto akimwona babu yake anamkimbilia, basi ni babu. Akimwona shangazi anamkimbilia, basi ni shangazi. Nani aliwahi kumkatalia shangazi mtoto wa kaka yake? Kumwandikisha ndugu wa mtu ni kumtukana. Nimewasimulia wenzangu habari ya wewe na kamba yako ya kalamu, tumecheka mpaka Esdras akauliza kuna nini. Lifunge daftari hilo, umwombe Mzee radhi, umpelekee na ndizi.

Mimi naendelea. Nimejifunza kumnawisha mtoto mikono nikimwambia kila ninachofanya kabla ya kukifanya. Mwanzo niliona ni kama kuongea na sufuria. Sasa naona watoto hawashtuki tena.

Ni mimi mama yako,
Kaswera


Beni, 19 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Salamu. Sisi wazima, nawe natumaini uko mzima.

Nimetii. Daftari liko chini ya gunia la makaa. Mzee Kahongya nilimpelekea ndizi, akacheka, yameisha. Agar aliniuliza kwa nini siandiki tena. Nikamwambia Mama amesema hapa tunajuana. Akatikisa kichwa, akaenda zake sokoni.

Tutaonana Noeli. Lete sabuni.

Binti yako,
Kavuo


Mususa, 14 Januari 2024

Mwanangu Kavuo,

Heri ya mwaka mpya kwa mara ya pili. Natumaini hamjambo wote tangu nilipowaacha. Mimi nilifika vizuri, vumbi tu.

Nina habari. Juzi niliandika ukurasa mzima na haukupata hata alama moja nyekundu. Niliandika: "Kitsa alikataa kijiko mara tatu. Mara ya nne alikishika mwenyewe, akamwaga nusu, akala nusu, akanitazama." Basi. Eliane akasoma mara mbili, akasema: "Voilà." Kumbe mtoto hakuwa mkaidi, alitaka kushika kijiko! Nimewalisha watoto wangapi kwa nguvu miaka hii yote, Kavuo? Hata wewe nilikulisha kwa nguvu, nikikubana pua. Nisamehe.

Somo ni zuri kuliko nilivyodhani. Kuna mengine tuliyofundishwa wiki hii, nitakuambia siku nyingine.

Ni mimi mama yako,
Kaswera


Mususa, 11 Februari 2024

Mwanangu Kavuo,

Nakusalimia. Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Jumapili nne sijapata barua. Ukipokea simu unasema uko sawa, mtandao mbaya, kisha unakata. Mwanzo nilidhani umepata mchumba.

Jana nilimuuliza Syauswa. Akaangalia tairi lake, akasema: "Mama, kwenu kuko maneno. Mi siwezi kuyasema, muulize binti yako." Mtu ambaye hanyamazi hata akiwa analipwa anyamaze, leo amekuwa kaburi.

Sitaki uniambie kwa simu, utalia na sitaelewa. Niandikie. Usiandike unachofikiri, wala ninachopenda kusikia. Andika ulichoona, tangu mwanzo, kama tunavyoandika hapa.

Mama yako,
Kaswera


Beni, 14 Februari 2024

Mama,

Nakusalimia. Sijambo kwa mwili.

Nitaandika nilichoona.

Jumatano tarehe 24 Januari, saa nne asubuhi, Anne-Marie, dada yake Lusenge, alifika kiwanjani. Alikuwa amevaa vizuri, kitenge kipya. Alinisalimia, akaniulizia habari zako. Kasonia alikuwa anakula uji. Shangazi yake alimwita, Kasonia akamkimbilia. Alimbeba, akampa muwa. Akaniambia: "Nakuya kumukamata mutoto wa kaka yangu, tunaenda kusalimia bibi yake." Nikamwambia asubiri amalize uji. Alisubiri. Nikamtafutia Kasonia viatu vyake, kimoja kilikuwa nyuma ya pipa la maji. Nikamvalisha. Nikampa shangazi mfuko wake na sweta, kwa sababu palikuwa na ubaridi. Kasonia alinipungia mkono.

Saa tisa Agar alikuja kumchukua. Nilimwambia shangazi yake amempeleka kwa bibi. Aliweka beseni chini taratibu, kisha akaanza kukimbia. Kwa bibi hawakuwapo. Jioni tulipata habari kwamba Anne-Marie alikuwa njiani kwenda Kamango, kwa Lusenge. Huko ndiko alikokwisha kumpeleka mtoto wa kwanza wa Agar, naye Agar hakuwahi kutuambia. Ndiyo maana alisema "mwingine hapana".

Anne-Marie anasema mtoto ni wa ukoo, hakuiba. Ofisi ya kata wanasema ni mambo ya familia. Agar alikuja tena siku ya tatu. Hakupiga kelele. Alisema: "Nilikuambia uandike. Uliandika. Kisha ukafuta."

Mama, akina mama wanane wameondoa watoto wao. Wamebaki watano, naye Kasonia hayupo. Sikukuandikia kwa sababu una mtihani, na brevet ndiyo tegemeo letu. Tena kwa sababu naona haya. Mimi ndiye niliyemvalisha viatu.

Kavuo


Mususa, 16 Februari 2024

Mwanangu Kavuo,

Hujambo. Kula, na ulale. Hiyo ndiyo amri ya kwanza.

Ya pili: futa kichwani kwamba kosa ni lako. Ulikuwa na daftari, mimi nikalicheka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa ulimi, nikamvunja mtu mwingine mguu. Nami nina kosa lingine usilolijua, nitaliandika hapa ili nisiweze kulikana. Januari, wiki ile niliyokuandikia habari ya kijiko, Eliane alitufundisha sababu ya daftari la mlangoni. Alisema wengi wanaomchukua mtoto bila ruhusa si watu wa mbali, ni ndugu, na mtoto anawakimbilia kwa furaha. Nilielewa siku ileile. Nikashika kalamu kukuambia ulifungue daftari letu. Lakini ningelazimika kuandika kwamba wewe ulikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Nikakuandikia habari ya kijiko. Siku kumi baadaye Anne-Marie akaja.

Nimemwambia Eliane naondoka. Alinionyesha kanuni: anayekosa siku kumi anaondolewa, aanze upya mwaka unaofuata. "Mama, hii kanuni hapana yangu," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Umefika mu kati. Ukienda, huu mwaka unaisha kwako."

Nikamwambia acha uishe. Brevet ni karatasi ya kumwonyesha mzazi kwamba mtoto wake yuko salama kwangu. Nitaibandika ukutani, Agar apite aione?

Nafika kesho na gari la Syauswa. Usiniandalie chakula. Nitapita kwanza kwa Agar, kabla sijaweka mzigo chini.

Mama yako,
Kaswera


Kamango, 3 Machi 2024

Mwanangu Kavuo,

Nakusalimia kutoka huku. Tuko salama, mimi na Agar. Tulizunguka kupitia Uganda kwa sababu ile njia nyingine madereva wanaiogopa, siku mbili nzima, na magoti yangu hayanisemeshi. Wewe na wale watoto watano hamjambo? Nakuandikia leo maana tutakaa hapa hadi Jumanne gari lipatikane, na kuna mtu anatangulia.

Anne-Marie alitupokea vizuri. Hilo liliniuma zaidi, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Alitupa maji ya kunawa, akapika sombe na samaki. Agar hakugusa. Nikatoa kuku tuliyemleta, nikamkabidhi Onésime, kaka mkubwa wa ukoo wao, nikapiga magoti. Ndiyo, haya haya. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa watu wawili: kwa Agar, kwa kumtoa mtoto wake bila ruhusa yake, na kwao, kwa kumpa shangazi mtoto ambaye hatukuwa na haki ya kumpa.

Anne-Marie akasema: "Mi hapana mwizi. Nilikuya mchana, mbele ya batu. Mutoto mulinipa na viatu."

Nikamjibu ni kweli. Kila neno ni kweli.

Onésime akasema mtoto ni wa ukoo, na desturi ni desturi. Hapo Agar akafungua mdomo mara ya kwanza tangu Beni: "Na miye? Nilimubeba mu tumbo ya ukoo?" Lusenge alikuwepo, alitazama mikono yake tu.

Kisha Kasonia akaingia, anamfukuza kuku wetu. Akamwona mama yake. Kavuo, hakukimbia. Alisimama. Akamtazama Agar, akamtazama Anne-Marie, akakaa chini pale pale katikati. Agar akaanza kulia. Nami nililia, nakuambia ukweli. Wenyeji wakaona kama wameshinda, mtoto amezoea.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Nikamuuliza Anne-Marie mtoto anakula vipi, analala vipi, siku yake iko vipi. Alifurahi kuulizwa, alianza kusimulia bila hasira. Anampenda, huwezi kusema hampendi. Anakula vizuri, anacheza na kaka yake. "Mais kila siku jua likianza kuinama," akasema, "anaenda ku barabara, anasimama. Ukimuita hapana kuya. Atasimama tu, mpaka giza. Nafikiri anapenda kuona bapikipiki."

Nikamuuliza ni saa ngapi anapokwenda. Akafikiri, akasema kama saa tisa.

Nikamwambia: Anne-Marie, saa tisa ndiyo saa ambayo mama yake anatoka sokoni. Tangu alipojua kutembea, saa hiyo Kasonia anasimama mlangoni kwangu kumngoja. Haangalii pikipiki.

Anne-Marie alifuta mikono kwenye kitenge, akainuka, akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Akarudi na mfuko wa Kasonia, ule ule uliompa wewe, na sweta limekunjwa juu. Akauweka miguuni pa Agar. "Mi nilifikiri ni bapikipiki," akasema, akatoka nje.

Onésime alimaliza kwa maneno mengi ya wazee, lakini mambo yalikuwa yamekwisha. Mtoto anarudi na mama yake. Ndugu zake watakuja kumwona Beni, wakipiga hodi kwa Agar kwanza. Habari ya mtoto mkubwa itazungumzwa likizo, Lusenge amekubali mbele ya watu.

Usifikiri tumesamehewa. Usiku Agar alilala na Kasonia mgongoni kwake kwa kitenge, kama bado ni mchanga. Asubuhi akaniambia, bila ubaya: "Aksanti kwa kuya, Mama Kaswera. Mutoto wangu hatarudia kwako. Nitakaa naye mu soko." Nikamwambia sawa. Ana haki.

Lifukue daftari chini ya makaa. Lipanguse.

Mama yako,
Kaswera


Mususa, 13 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Wavukire, Mama. Nakusalimia sana, mimi na Mjomba Esdras na mkewe. Hujambo? Magoti? Watoto watano hawajambo? Mkuu wa kata amepita tena? Najua utasema sasa tuko chini ya kumi, sheria haituhusu tena. Usicheke hivyo mbele yake.

Mimi niko mzima. Nalala kwenye chumba chako na seremala bado yuko. Nilimwuliza kama anaweza kuanza saa moja, akaniambia: "Mama yako aliniuliza hivyo hivyo."

Tuko stagiaires wanane, na mmoja ni mwanamume, anaitwa Paulin. Mafundi wa mtaani wanamcheka kila akipita, naye anawaambia watamletea watoto wao. Mademoiselle Eliane alinipa nafasi yako bila kuniuliza mengi. Aliniuliza tu: "Mama yako bado anaona ukaidi?" Nikamwambia siku hizi anaona vijiko. Juzi alitusomea ukurasa mmoja wa daftari, akasema uliandikwa na mtu aliyetoka shule mwaka wa nne wa msingi. Sikusema ni nani. Nilitaka kusema.

Wiki hii amenipa mtoto wa kuangalia. Ni msichana wa miaka minne, wazazi wake wamekimbia vita upande wa Luofu, wanakaa kwa ndugu hapa Mususa. Hasemi neno. Nilitaka kumbeba, Eliane akanikataza, unajua. Basi nakaa karibu naye na ninachambua maharage. Siku ya kwanza alitazama. Siku ya pili alitoa jiwe moja kwenye maharage, akaniwekea mkononi. Nimeandika hivyo hivyo, hakukuwa na alama nyekundu.

Mama, kuna kitu nataka kukuambia. Nilipokuja huku nilikuja kwa sababu ya kiwanja, kulipa nilichoharibu. Sasa naipenda kazi. Sikuwa najua kwamba ni kazi. Nilidhani ni wewe tu.

Agar umemwona? Watu wanasema bado yuko sokoni na Kasonia chini ya meza ya ndizi, na mvua hizi.

Binti yako,
Kavuo


Beni, 27 Oktoba 2024

Mwanangu Kavuo,

Nakusalimia, na barua yako nimeipata, nimeisoma hadi karatasi imelegea mikunjo. Sijambo. Magoti ni yale yale, tumezoeana. Wasingya, asante kwa sabuni uliyotuma.

Umeuliza habari za Agar. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Jumatatu asubuhi alifika mlangoni akiwa amemshika Kasonia mkono. Mtoto anakohoa, meza ya sokoni inavuja. Agar hakusema anamwacha, wala mimi sikuuliza. Alikaa kwenye benchi la ukutani, beseni la ndizi pembeni yake, akaanza kutazama. Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia, tangu Machi nimeyaweka. Nikauma ulimi, nikaendelea kunawisha watoto mikono. Adhuhuri akamchukua mtoto, wakaondoka.

Jumanne akaja tena. Jumatano pia. Siku tatu hajauza ndizi hata moja, nyingine zimeanza kuiva kwenye beseni. Jumatano watoto wawili waligombania mpira wa karatasi, mmoja akamng'ata mwenzake. Zamani unajua ningefanya nini. Nilishuka chini, nikawashika wote wawili, nikakaa nao hadi walipotulia. Nilipoinua macho Agar alikuwa ananitazama mimi, si watoto.

Alhamisi aliniuliza: "Kavuo atamaliza lini?" Nikamwambia mwezi wa sita, Mungu akipenda. Akasema: "Bien."

Ijumaa hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni, akaniangalia nikiandika kwenye daftari: Agar, na dada yake, mwingine hapana. Aliinama kwa Kasonia, akamuaga, akamwambia saa atakayorudi. Mimi hakuniaga. Alijitwika beseni akaenda sokoni mbio mbio, hakugeuka nyuma, kama mtu yeyote aliyechelewa kazini.

Nikaingia jikoni nikalia hadi uji ukaungua. Watoto sita wameunywa hivyo hivyo na moshi wake.

Ni mimi mama yako,
Kaswera